Usitoke Hata Nikikuita

Binti yangu ni muuguzi katika wodi ya mifupa, na mtu akikaa wodi ya mifupa miaka kumi na mmoja, machoni pake mtoto hana miguu, ana vitu viwili vya kuvunjika. Jioni akirudi, kabla hajavua viatu, anatupa habari. Leo kaletwa mmoja kaanguka mtini. Leo wawili, pikipiki. Leo mmoja, hebu sikia Mama, kaanguka akiwa amesimama tu. Mimi namsikiliza huku natia maji kwenye sufuria, nawaza: kama hata kusimama kunavunja, basi tulale wote mpaka kiama.

Ndiyo maana wajukuu zangu walikuwa hawatoki. Nyumba yao iko ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, mlango wa chuma, kufuli mbili. Baba yao ni dereva wa malori ya masafa marefu. Anaonekana kama mwezi mchanga, leo yupo, ukigeuka hayupo. Dada aliyekuwa akiwalea alipoolewa, nikaitwa mimi. Nikakuta watoto watatu, na kila mmoja nikampa jina langu, kwa sababu majina yao ya kwenye cheti ni marefu na pumzi yangu naitunza.

Mkubwa, msichana wa miaka kumi na minne, nilimwita Chaji, maana neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa "nani kachukua chaji yangu?" Wa kati, mvulana wa miaka tisa, ni Wakili. Huyo ukimwambia akanawe mikono, anakuuliza kosa lake ni nini. Wa mwisho ana miaka minne, mdogo, mviringo, nikamwita Kidonge. Huyo ndiye mume wangu. Alikuwa anakimbia kuizunguka meza ya sebuleni mpaka jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio. Ufagio ukigonga, anakaa. Ufagio ukinyamaza, anaanza tena. Mtoto mzima maisha yake yanapangwa na ufagio wa watu.

Siku moja tulikuwa tunapanda ngazi kutoka dukani, Wakili akaketi ghorofa ya pili kuvuta pumzi. Nikampita mimi na magoti yangu haya, na mfuko wa viazi kichwani. Jioni ile nikasema na mama yake.

"Mama, huko nje hukujui," akaniambia.

"Nakujua. Kuna jua na kuna watu."

"Kuna barabara. Kuna mtaro. Kuna vyuma."

"Na humu ndani kuna nini? Mwanao wa miaka tisa kapumzika ngazini kama mzee anayefuata pensheni."

Hakucheka. Binti yangu hucheka kazini tu, kwa wagonjwa. Alivingirisha soksi zake, mwishowe akasema, "Saa moja. Saa kumi mpaka saa kumi na moja, uwanja wa nyuma tu. Na nikirudi nataka watoto watatu, Mama. Sitaki wawili na maelezo."

Nikaapa. Kuapa kwangu ni rahisi, ni kama kukohoa.

Huo uwanja wa nyuma hauna uzuri wowote. Kuna nguzo za kamba za nguo, tangi la maji lililosimama juu ya miguu minne, gari bovu lisilo na magurudumu, na rundo la matofali ya mtu aliyeanza kujenga akachoka. Mwisho wa uwanja kuna safu ya mawe yaliyopakwa chokaa, na nyuma ya mawe kuna mtaro wa maji ya mvua, kina chake kinamfika mtu mzima kifuani. Mtaro huo unaingia kwenye karavati, lile bomba pana la zege linalopita chini ya barabara na kutokea ng'ambo. Siku nyingi za mwaka ni mkavu, una majani na chupa tu. Nikawaambia watoto, "Mawe meupe ndiyo mwisho wa dunia." Wakili akauliza nani kaamua. Nikamwambia, "Mimi, na rufaa hakuna."

Kuwatoa ndani ni kazi moja, kuwachezesha ni kazi nyingine. Siku ya kwanza Chaji aliketi juu ya tofali na simu yake, mgongo ameupinda kama ndoano. Sikumwambia aiweke. Mtoto wa umri ule ukimwambia weka, anashika kwa mikono miwili. Nikamwendea nikiwa nimekunja uso wa mtu asiyeona.

"Mke mwenzangu, nisaidie. Namba za saa sizioni. Nipimie, Wakili anatoka kwenye tangi hadi kwenye gari kwa sekunde ngapi?"

Akapima mara moja. Akapima mara ya pili. Mara ya tatu akasema, "Bibi, huyu hata mimi namshinda."

"Wewe? Kinachokimbia kwako ni vidole. Miguu ilishasahau."

Simu ikabaki mapajani mwangu. Wakili naye nikampa utunzi wa sheria: nani anahesabu, mpaka ngapi, nani ametoka, nani hajatoka. Alitunga sheria kumi na tisa, na ili azilinde ilimbidi akimbie kuliko wote. Wiki mbili hazikupita, akawa anapanda ngazi mpaka juu na bado ana pumzi ya kubishana.

Aliyebaki ni Kidonge, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mchezo walioupenda wote watatu ni kujificha. Lakini mkubwa ana miaka kumi na minne na mdogo ana minne, na hapo haki haipo. Kidonge alikuwa akijificha kisogo kinaonekana. Akijificha vizuri, anacheka. Na asipocheka, Wakili anasimama katikati ya uwanja anaita, "Kidonge! Biskuti!" na mume wangu anatoka mbio, mikono mbele, anaulizia biskuti. Anachekwa. Kila siku anachekwa. Siku ya tano akaganda kwenye mlango wa chuma, akakataa kushuka. "Mimi nimeshakufa tayari," akasema, maana yake ameshindwa kabla ya kuanza.

Nikaona nikimwacha pale, atarudi kwenye meza na ufagio. Nikamketisha kwenye ngazi, nikamnong'oneza.

"Sikiliza, mume wangu. Nikupe siri. Ukishajificha, anayekuita ni mwongo. Wakisema biskuti, ni mtego. Wakisema mchezo umekwisha, mtego. Wakisema mama amekuja, mtego."

"Na wewe Bibi ukiniita?"

Nikacheka. Nilikuwa naona raha, si uongo, mtu wa miaka sabini na mbili anafundisha ujanja. "Hata mimi. Hata nikilia machozi. Usitoke hata nikikuita. Uwe jiwe mpaka uone mwenyewe ni wakati."

Macho yake yakawaka kama amepewa funguo za nyumba.

Siku ile akashinda. Wakili aliita biskuti, akaita peremende, akatishia kumwambia mama, kimya. Baadaye Kidonge akajitokeza mwenyewe chini ya gari bovu, vumbi mpaka kwenye nyusi, na sisi wote tukampigia makofi. Kesho yake akashinda tena. Usiku anaongea usingizini: jiwe, jiwe. Nikajipongeza. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini anapolichuma huwa anaona kama anachuma matunda.

Siku yenyewe mbingu ilikuwa na sura mbili. Kwetu jua linawaka, lakini upande wa juu, kule mitaa inakopanda, kulikuwa kweusi kama sufuria iliyosahaulika motoni. Ngurumo zilisikika mbali, nyembamba. Nikawaza: hiyo mvua ni ya wenzetu. Tukashuka.

Wakili alihesabu hamsini, uso kwenye nguzo. Chaji alikamatwa mapema, nyuma ya shuka za jirani wa ufagio zilizokuwa zimeanikwa. Wakili akaanza kumtafuta Kidonge. Akaita biskuti. Hakuna. Mimi nimeketi kwenye tofali na simu ya Chaji, natabasamu peke yangu kama mwizi aliyesahaulika.

Dakika tano, sawa. Dakika kumi, Wakili akaja kwangu. "Bibi, nakubali nimeshindwa. Mwambie atoke."

"Mtafute."

"Nimemaliza kote."

Nikainuka. Chini ya gari hakuna. Ndani ya buti hakuna. Nyuma ya matofali, juu ya matofali, kwenye miguu ya tangi, hakuna. Mlinzi wa lango akaapa hajapita mtoto. Nikazunguka tena sehemu zile zile, kana kwamba mara ya kwanza macho yangu yalikuwa ya kuazima. Bado nilikuwa sijaogopa. Nilikuwa na ile hasira ndogo inayotangulia woga, inautengenezea njia.

Kisha Chaji akaita, "Bibi." Hakuita kwa nguvu. Alikuwa amesimama kwenye mawe meupe, na hatua mbili ng'ambo ya mawe kulikuwa na ndala moja ya bluu, ndogo kama kiganja changu.

Mlinzi alikuja mbio, akashuka mtaroni kupitia kipande cha ukingo kilichobomoka, akainama kwenye mdomo wa karavati na tochi yake.

"Kidonge! Wewe mtoto! Toka!"

Bomba likamrudishia sauti yake mwenyewe.

"Unaona nini?" nikauliza.

"Takataka, Bibi. Limepinda katikati na limejaa takataka. Mtu mzima hapiti." Akamulika tena. "Lakini kuna alama za mguu."

Wakati anasema hivyo, niliona kitu kikitambaa nyuma yake. Nikadhani nyoka. Yalikuwa maji. Ulimi mwembamba wa kahawia, umebeba majani makavu na kifuniko cha chupa, unakuja polepole bila kelele. Ukapita katikati ya viatu vya mlinzi ukaingia kwenye bomba.

Mlinzi akageuka akatazama mitaa ya juu. Akavua kofia. "Kule imeshanyesha. Haya ni ya kutangulia tu."

"Na yenyewe?"

"Nusu saa. Siku nyingine robo."

Akakimbia kuvuka barabara kwenda kusimama kwenye mdomo wa pili, na njiani anapiga kelele watu waje na majembe. Mimi nikajitupa kwenye ukingo wa mtaro, tumbo chini, uzee na gauni na yote, nikaita. Niliita kwa jina lake la utani, kisha kwa lile refu la cheti. Nikamwambia mchezo umekwisha. Nikamwambia ameshinda. Nikamwambia mama yake anakuja. Sauti ikakatika, nikalia, nikalia kama sijawahi kulia hata kwenye msiba wa mume wangu wa kweli. Jirani wa ufagio akashuka, naye akaita. Mafundi wawili waliokuwa wakipita wakaita. Uwanja mzima jina moja. Na ndani ya bomba kimya, na ulimi wa maji umekuwa mkono.

"Mimi napita," Wakili akasema. Alikuwa ameshavua shati. "Mimi ni mwembamba, Bibi, naweza kupita."

Nikamkamata kwa suruali. Nikaona hesabu ya mama yake inavyopungua: mmoja na maelezo. "Hupiti!"

"Mbona hajibu? Huwa anaogopa giza. Mbona hajibu?" Akanitazama, na macho yake ya uwakili yakasimama. "Bibi, ulimwambia nini siku ile kwenye ngazi?"

Ulimi ukawa mzito, mimi niliyeapa kwa urahisi maisha yote. Nikawaambia. Kila neno.

"Hata wewe ukiita?"

"Hata mimi."

"Hata ukilia?"

Watoto wote wawili walikuwa wananiangalia, na hakuna hakimu aliyewahi kuniangalia vile.

Nikaelewa tulichokuwa tunafanya. Kila tulipoita tulikuwa tunamsukuma ndani. Kila chozi langu lilikuwa linamwambia: kaza, mume wangu, unashinda.

Chaji ndiye aliyeanza kusogea. Alifuta uso kwa mkono, akaenda kwenye nguzo, akavuta kamba ya nguo kwa nguvu zake zote mpaka ikang'oka, na shuka nyeupe za jirani zikaanguka matopeni.

"Wewe msichana! Shuka zangu!"

"Nyamazeni!" Chaji akasema, na alisema kwa mafundi, kwa jirani, kwangu mimi niliyemzaa mama yake. "Nyamazeni wote! Hakuna kumwita tena. Kidonge hatoki kwa kuitwa. Kidonge anatoka akisikia watu wanafurahi bila yeye. Nyumbani tukicheka chumbani hata akiwa chooni anakuja na suruali mkononi. Wakili, shika huku. Bibi, ruka."

"Nini?"

"Ruka kamba. Hapa hapa, karibu na bomba. Na ucheke."

Watu wa mijini wameona mengi, lakini sidhani kama mafundi wale walikuwa wameona lile. Maji yanaingia kwenye karavati, mtoto yumo ndani, na bibi kizee anakusanya gauni juu ya magoti. Kamba ikapiga ardhi. Nikaruka. Miaka hamsini sijaruka kamba. Nilipotua nilisikia goti likisema neno lake, nikaruka tena. "Moja!" Chaji akapaza sauti, yenye furaha kabisa, huku machozi yanamtiririka. "Mbili! Bibi anaruka! Haaa, tazama Bibi anavyoruka kama kuku!"

"Kuku ni bibi yako!" nikajibu.

"Ndiyo wewe!" akasema Wakili, na akacheka. Kicheko kilitoka kimepinda, lakini kilitoka. Jirani akaelewa, akaanza kupiga makofi. Mafundi nao. Woga ulikuwa umenijaa mpaka kwenye meno, nikawa nautema kama kicheko. Kila nikiwa juu hewani naona mdomo wa bomba, mweusi, na maji yameshafika upana wa mlango. Kila nikitua simwoni mtu.

Nilikuwa nimefika ya ishirini na moja niliposikia lango.

Binti yangu alikuwa na sare yake nyeupe na mkoba begani, amerudi kabla ya saa yake. Nadhani alikuwa ameona mawingu. Akasimama, akatutazama. Mama yake anaruka kamba. Shuka chini. Watu wanapiga makofi wakiwa na sura za matanga. Niliona midomo yake ikihesabu: mmoja, wawili. Mkoba ukateleza.

"Mama. Kidonge yuko wapi?"

Nikatoka kwenye kamba, nikamwendea, nikamshika mikono yote miwili. Nilisema chini chini, upesi, kama mtu anayemeza dawa. "Yumo kwenye bomba. Amejificha. Akiitwa hatoki, nimemfundisha mimi, hata akiitwa na wewe. Anatoka kwa furaha tu. Ukipiga kelele anaingia ndani zaidi. Utanifanya unalotaka baadaye. Sasa ingia kwenye kamba, ucheke."

Akatazama mtaro. Akaona maji. Mwili wake wote ukavutika kuelekea kule, nami nikamng'ang'ania, kucha zangu ziliacha alama ambazo ziko mpaka leo.

"Siwezi," akasema.

"Unaweza. Wodini unafanya kila siku."

Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona, kwa sababu sijawahi kulazwa kwake. Uso wa binti yangu ulifungwa, kisha ukafunguka mwingine. Ni ule uso wa muuguzi anayemwambia mtoto angalia dirishani, huku mkono wa pili unanyoosha mfupa. Akatabasamu. Akaingia kwenye kamba na viatu vyake vyeupe vya kazi, akaruka, na akacheka. Kicheko kirefu, kizuri, cha msichana. Nilikimbilia kushika kamba upande wa Wakili, maana mtoto alikuwa ameanza kuizungusha ovyo.

"Mama anaruka!" Chaji akapiga kelele. "Haijawahi kutokea! Mama anaruka kamba!"

"Mama wewe, vua viatu!" Wakili akadakia.

"Thelathini! Thelathini na moja!"

Ngurumo ikapita, sasa si nyembamba. Tone la kwanza likanipiga mkononi. Kutoka upande wa juu wa mtaro nilianza kusikia sauti, kama lori linakuja na halifiki. Binti yangu naye aliisikia. Aliendelea kuruka. Alikuwa anacheka, na macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Kisha kwenye mdomo wa bomba kukatokea kichwa.

Maji yalikuwa yamemfika mapajani. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa zege, na alikuwa amekasirika kweli kweli.

"Mbona mnacheza bila mimi?"

Kamba ikataka kuanguka. "Zungusha," nikasema kwa meno. "Hakuna kumkimbilia. Akiona mtu anakuja atarudi ndani. Zungusha."

Tukazungusha. Binti yangu akafumbua macho, akamwona mwanawe kwenye maji, hatua kumi na mbili kutoka kwetu, na akaendelea kuruka. Siku zangu zote sitaona tena kuruka kule. Akasema, kwa sauti ya mtu anayegawa peremende, "Aa, Kidonge! Nimechoka mimi. Njoo, ni zamu yako."

Kidonge alitembea kufuata ukuta wa mtaro, maji yanamsukuma nyuma. Akafika kwenye kipande kilichobomoka. Akapanda goti moja. Akateleza. Akapanda tena. Akatoka. Akavuka mawe meupe akiwa na ndala moja, akanyoosha mikono ili ashike kamba.

Kamba ikaanguka. Mama yake alikuwa amemfikia kabla haijagusa chini.

Tulikuwa tumefika kwenye ngazi maji yenyewe yalipokuja. Tuliyaona kwenye dirisha la ngazi la ghorofa ya kwanza. Yalijaza mtaro mpaka kwenye mawe, yamebeba tairi na mti mzima, na yote yakaingia kwenye bomba kwa mshindo uliotikisa kioo. Ng'ambo ya barabara mlinzi alikuwa ameketi chini kwenye mvua, kichwa mikononi. Chaji alikwenda kumwambia. Kidonge akasema, "Yale maji yalikuwa yananisukuma, lakini sikutoka." Kisha akanigeukia, amelala kwenye bega la mama yake, akanipa sifa zangu.

"Bibi, wewe ulilia vizuri sana. Nilikaribia kutoka."

Jioni ile binti yangu alimlaza Kidonge mezani, ile meza ya kuzungukwa, akampapasa mfupa mmoja mmoja kutoka kisogoni hadi vidole vya miguu. Alikuwa mzima. Alipomaliza akaketi kwenye kiti, sare bado imelowa. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu.

"Mama, rudisha nguo kabatini," akasema. "Aliyemvunja ni wewe, na utamwunga wewe. Mimi mfupa huo siujui."

Nikamwita Kidonge palepale, nikapiga magoti. Nikamwambia ile siri haipo tena. Nikamwambia mtu akikuita, uitike, uje. Nikamwambia Bibi alikosea.

Akanikazia macho. Kisha kona moja ya mdomo ikapanda, tabasamu langu mwenyewe, lile la kwenye ngazi.

"Hiyo nayo ni mtego?"

Mvua iliisha baada ya siku nne, na siku ya tano tulishuka. Mafundi walikuwa wameweka wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba. Walioshuhudia ndio waliochangia. Mama yao alikuwa na zamu ya asubuhi, akaja pia, akasimama karibu na mawe, mikono kifuani. Wakili alifuta sheria zake zote kumi na tisa akabakiza moja: anayeitwa anatoka, na anayetoka akiitwa ndiye mshindi. Sasa anayejificha kwanza ni mimi. Najikunja nyuma ya tangi, magoti yanalia, na Kidonge anasimama uwanjani ananiita. Mara ya kwanza tu, natoka. "Naam!" natoka. Anaita tena, natoka tena. Mara kumi kwa siku nainuka nyuma ya tangi lile, mtu mzima, nafundishwa utii na mtoto wa miaka minne, na sikosi.

Kisha inakuja zamu yake. Ananyata anakwenda. Nafumba macho na kuhesabu, na mpaka leo sijazoea.

"Kidonge!" naita. Mara moja. Nimeahidi kuita mara moja.

Jana nilihesabu moyoni mpaka kumi na sita. Nyuma yangu binti yangu alikuwa ameacha kupumua. Kumi na saba, akajitokeza kutoka nyuma ya matofali. Hakukimbia. Alikuja hatua chache, akasimama katikati ya uwanja, akanichunguza uso kwanza, aone iwapo nacheka kama siku ile kwenye ngazi.

Sikucheka. Akaja.